Kupima udongo au kutopima: kisa cha kiwanja cha udongo wa mfinyanzi Kibaha

Kiwanja kina mita 20 kwa 30 na kiko Kibaha, mkoa wa Pwani, kilometa zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Ramani iko tayari: nyumba ya chini, vyumba vitatu, mita 12 kwa 10, tofali za saruji za inchi 6 na paa la mabati. Fundi ameshapiga hesabu ya msingi wa mkanda wenye upana wa sm 60 na kina cha sm 90, zege la chini sm 20, jamvi sm 10. Ndugu mmoja wa mwenye kiwanja amesema udongo upimwe kwanza. Fundi amejibu kwamba vipimo ni vya ghorofa. Nyumba ya chini haina uzito wa kuitikisa ardhi. Ni Agosti, ardhi imekauka hadi sururu inadunda.

Kisa hiki ni cha mfano na vipimo vyake vimepangwa, lakini hakuna kilichotiwa chumvi. Kibaha ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa wahandisi kwa udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba za chini zenye nyufa huko si ngeni.

Hoja ya fundi ni ya kweli kwa nusu moja. Tuhesabu. Ukuta wa inchi 6 wenye kimo cha mita 3 pamoja na lipu pande zote, lenta, sehemu yake ya paa, ukuta wa msingi na zege la chini hufika tani mbili na ushee kwa kila mita ya urefu. Ukigawa kwa upana wa sm 60, udongo unabanwa kwa tani 3.5 hivi kwa mita ya mraba. Mfinyanzi mkavu wa Agosti unabeba tani 10 hadi 15 bila kunung'unika. Kwa hesabu ya kubeba, nyumba hii ingesimama hata juu ya mkanda wa sm 40.

Nusu ya pili ndiyo iliyomponyoka. Mfinyanzi wenye madini ya montimorilonaiti hunyonya maji na kusukuma juu kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa nyumba mara tatu, nne au zaidi. Hapo wepesi wa nyumba unakuwa udhaifu wake. Ghorofa nne juu ya udongo huohuo zingeukandamiza, lakini nyumba ya chini inanyanyuliwa. Swali la kumpelekea mtaalamu basi halihusu kubeba. Ni hili: masika yakija, udongo huu utatulia au utatembea, na utatembea kiasi gani?

Tena hautembei kwa usawa. Nyumba yote ikipanda sm 3 kwa pamoja, hakuna atakayejua. Tatizo ni kwamba maji ya masika, kati ya Machi na Mei, huingia pembezoni mwa nyumba kwanza, huku katikati chini ya jamvi kukiwa bado kukavu. Kingo zinapanda, katikati inabaki. Kiangazi kingo zinakauka na kushuka tena. Baada ya miaka kadhaa unyevu unajikusanya katikati, kwa kuwa jamvi limezuia ardhi kupumua, nayo katikati inavimba na kubaki juu. Ukuta wa tofali hauwezi kupinda hata kidogo; unapasuka kuanzia pembe za madirisha na milango, ambako ndiko kwenye udhaifu.

Kabla ya kulipa maabara

Si kila kiwanja kinahitaji maabara, na kuituma kazi maabara bila kujua unatafuta nini ni njia ya kulipia karatasi. Kazi ya kwanza hufanyika kwa macho, jembe na ndoo, na Agosti ni mwezi mzuri kwake.

Anza na majirani, ila usiangalie nyumba zao pekee. Angalia kuta za uzio. Uzio una msingi mfupi, hauna paa wala lenta ya kuushika, kwa hiyo ndio wa kwanza kukiri. Ufa unaopanda kwa mshazari kama ngazi kufuata viungo vya tofali, na mstari wa juu wa uzio unaopanda na kushuka kama mgongo wa ng'ombe, ni dalili nzito kuliko maneno ya mtu yeyote. Kisha uliza nyumba ya jirani ina masika mangapi. Nyumba iliyopigwa lipu mwaka jana haijashuhudia chochote. Milango iliyorandwa upande wa juu ili ifunge, au vigae vya sakafu vilivyoinuka katikati ya sebule, vinaeleza vizuri zaidi. Na wachimbaji wa mashimo ya vyoo mtaani wanajua tabaka za udongo kwa mita tatu kwenda chini kuliko ramani yoyote. Waulize walikutana na nini na kwa kina gani.

Juu ya kiwanja chenyewe, tafuta nyufa za ardhi. Chomeka njiti ya chelewa au waya mwembamba ndani ya ufa mpana kuliko wote. Ukizama zaidi ya nusu mita, unazungumza na udongo unaosinyaa kwa kina. Lakini Kibaha ina mtego: mara nyingi juu kuna mchanga wa sm 20 hadi 50 unaofunika mfinyanzi, na mchanga haupasuki. Mtu hukanyaga juu, akaona mchanga mwepesi, akasema kiwanja ni kizuri. Msingi wa fundi wa sm 90 ungepita kwenye mchanga huo na kulala katikati kabisa ya mfinyanzi.

Kwa hiyo lazima kuchimba. Katika kisa hiki mashimo matatu yanatosha: moja mbele upande wa juu, moja katikati ya mahali pa nyumba, moja nyuma upande wa bondeni. Upana mita 1 kwa 1, kina mita 2, na kama udongo bado ni uleule mita 2, la bondeni liendelezwe hadi 2.5 au 3. Kuanzia kina cha mita 1.2 mtu asishuke shimoni bila kuta kuegemezwa kwa mbao au kukatwa kwa ngazi. Mfinyanzi mkavu unasimama wima kwa saa nyingi kisha unadondoka wote kwa mara moja. Andika kila tabaka linaanzia na kuishia wapi, rangi yake, unyevu wake, na kama kuna mizizi. Mahali mizizi na nyufa zinapokoma ndipo panapokaribia mwisho wa eneo linalolowa na kukauka kila mwaka.

Chukua udongo wa kila tabaka ufanyie majaribio matatu ya mkononi. Kwanza, kwa kidonge kikavu: ukishindwa kukivunja kwa vidole, kina mfinyanzi mwingi. Pili, udongo uliolowa ufinyangwe na kuviringishwa juu ya kioo hadi uzi wa mm 3. Uzi unaoshikamana na unaoweza kukunjwa na kuviringishwa tena mara nyingi ni wa unyumbufu mkubwa. Tatu, na hili ndilo bora, uvimbe huru. Kausha udongo juani, saga, pitisha kwenye chekecheo laini kabisa, pima mililita 10 za unga, umimine polepole ndani ya silinda ya mililita 100 yenye maji safi, uache saa 24. Soma unga umesimama wapi. Ukisoma 19, umevimba mililita 9 juu ya 10, yaani asilimia 90. Chini ya asilimia 50 mara chache nyumba ndogo hupata shida kubwa. Ukikaribia 100 au kupita, hata kuta nyepesi huharibika. Silinda ya plastiki ya maabara ya shule inatosha. Ni jaribio la mezani lenye makosa yake, lakini linatosha kuamua kama utafungua pochi kwa hatua inayofuata.

Katika kisa chetu, shimo la mbele lilitoa mchanga sm 40, kisha mfinyanzi wa kijivu wenye madoa ya manjano na kutu hadi mita 1.7, kisha udongo wa mchanga mgumu usioshikamana. La katikati lilifanana, mfinyanzi ukishuka hadi mita 2. La nyuma lilikuwa na mchanga sm 20 tu, halafu mfinyanzi mweusi zaidi ambao haukuisha hata mita 2.5. Uvimbe wa mezani: asilimia 80, 90 na 110. Kufikia hapo mjadala wa kupima au kutopima umekwisha. Maabara sasa ina kazi inayojulikana, ambayo ni kumpa mhandisi namba za kusanifia.

Kuagiza vipimo kwa majina yake

Kosa linalomaliza hela za watu wengi ni kwenda kuomba "kupimiwa udongo" bila kutaja chochote. Anayekuja huleta kifaa cha DCP, nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka mm 575 juu ya fimbo yenye ncha, anahesabu fimbo imezama kiasi gani kwa kila pigo, anaandika uwezo wa kubeba. Agosti, kwenye mfinyanzi uliokauka kama tofali, fimbo haizami. Ripoti inasema udongo ni imara. Si uongo, ni jibu sahihi la swali lisilo na maana hapa. DCP ina faida yake, hasa kutafuta tabaka laini lililojificha, ila kwa udongo unaovimba haiwezi kusimama peke yake.

Vipimo vya kuagiza ni hivi: unyevu wa asili kwa kila nusu mita, mchanganuo wa chembe pamoja na kiasi cha mfinyanzi, vikomo vya Atterberg, yaani kiasi cha unyevu ambacho udongo huanza kumiminika (LL) na ambacho huanza kufinyangika (PL), ambavyo tofauti yake ni kielezo cha unyumbufu (PI), kusinyaa kwa urefu, uvimbe huru, na shinikizo la uvimbe kwa odomita (kifaa kinachobana sampuli na kuilowesha ili kupima inavyosukuma), angalau kwa sampuli moja au mbili. Hicho cha mwisho ndicho ghali na ndicho kinachorukwa. Bila hicho mhandisi anakisia kutokana na PI, na kwa usalama wake anakisia juu, ukalipa tofauti kwa nondo.

Odomita inataka sampuli isiyovurugwa. Kata mche wa udongo wa sm 30 kila upande kutoka ukutani mwa shimo, uuzungushie nailoni tabaka mbili, uufunge ndani ya sanduku lenye maranda, uufikishe maabara siku hiyo au ya pili yake. Mche uliokaa juani nyuma ya pikapu tangu asubuhi umeshabadilika unyevu, na shinikizo litakalopimwa ni la udongo mwingine. Kwa vipimo vingine, kilo 5 kwa kila tabaka ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili zinatosha, zenye kibandiko ndani na nje: namba ya shimo, kina, tarehe. Kibandiko cha nje pekee hufutika.

Maabara za vyuo vya uhandisi, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), hufanya vipimo vya aina hii kwa malipo. Uliza bei ya kipimo kimoja kimoja, halafu uliza tofauti bei ya mhandisi wa kutafsiri matokeo. Hivyo ni vitu viwili, na karatasi ya maabara isiyo na tafsiri haimsaidii fundi. Mashimo huchukua siku moja, maabara wiki moja hadi mbili kwa kuwa odomita haiharakishwi.

Ripoti ya kukubalika inaonyesha mashimo yalipo kwenye mchoro wa kiwanja, tabaka za kila shimo, karatasi za vipimo vyenyewe (si muhtasari tu), aina ya msingi na kina kinachopendekezwa, namna ya kushughulikia maji, na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Soma jina la mahali kwenye kila ukurasa. Ripoti zilizonakiliwa kutoka kiwanja kingine hujifichua hapo, kurasa mbili za kwanza zinasema Kibaha na ya saba inasema mji mwingine.

Matokeo na hesabu

Shimo la katikati, kina cha mita 1.2: LL 62, PL 24, kwa hiyo PI 38. Kusinyaa kwa urefu asilimia 17. Uvimbe huru 95. Shinikizo la uvimbe tani 14 kwa mita ya mraba. PI ikipita 35 udongo unahesabiwa kuwa na uwezo mkubwa sana wa kuvimba, na kusinyaa kwa zaidi ya asilimia 8 kwenye kipimo cha urefu kunachukuliwa kuwa hatari. Mkanda wa fundi unakandamiza kwa tani 3.5, udongo unasukuma kwa 14. Ni kweli shinikizo hilo ni la udongo uliozuiwa kabisa kusogea, na ukiruhusiwa kupanda kidogo linashuka haraka. Lakini hicho "kidogo" ndicho kinachopasua ukuta.

Njia zilizobaki mezani ni nne.

Ya kwanza ni kubaki na mkanda na kuongeza nondo. Hili ndilo pendekezo la kwanza la kila saiti, na halifai. Nondo nne za mm 12 ndani ya zege la sm 20 haziwezi kuushika mkanda mwembamba hivyo usipinde, na mkanda wenyewe umelala palepale udongo unapotembea zaidi.

Ya pili ni kushusha msingi hadi chini ya mfinyanzi, mita 1.8 kwa mbele. Kuta zitatulia kiasi. Jamvi litabaki juu ya mfinyanzi, litavimba peke yake katikati ya kuta zilizotulia, litapasuka na kuinua milango ya ndani. Njia hii ni kamili pale tu jamvi linapoinuliwa likabebwa na bimu, huku chini yake pakiachwa uwazi wa sm 10 hivi. Kwa nyumba ya bajeti hii, ni ghali.

Ya tatu ni kung'oa mfinyanzi wote na kujaza. Wajenzi wa Nairobi wamezoea hivyo maeneo ya Embakasi, Syokimau na Kitengela, ambako udongo mweusi mara nyingi unaishia juu ya moramu au mwamba baada ya mita moja au mbili. Kibaha si lazima uishie. Hata ukichagua upande wa mbele wenye mita 1.7, eneo la kuchimba ni nyumba pamoja na mita moja kila upande, yaani 14 kwa 12, sawa na meta za ujazo 286. Udongo ukichimbwa unafura, na wa kujazia unashindiliwa ukapungua, kwa hiyo hesabu asilimia 30 zaidi: meta 371, safari 37 za lori la meta 10 kutoa na 37 nyingine kuleta.

Ya nne ni rafti yenye bimu, yaani jamvi moja la zege lenye nondo lililoungana na bimu zake chini ya nyumba nzima, juu ya moramu iliyojazwa nusu mita. Rafti haizuii udongo kutembea. Inaifanya nyumba itembee nao kwa pamoja bila kupinda. Ndiyo iliyochaguliwa, kwa makadirio haya ya vifaa (usanifu ni wa mhandisi, hizi ni za kupimia mfuko): jamvi la sm 15 kwa meta za mraba 120 ni meta za ujazo 18, bimu za upana wa sm 30 zikishuka sm 45 chini ya jamvi, chini ya kuta zote zenye jumla ya mita 78, ni meta 10.5. Jumla 28.5, na kwa mifuko 7 kwa meta inafika mifuko 200 ya saruji. Nondo karibu tani mbili. Moramu safari 11. Msingi wa fundi ungekula meta 21 hivi za zege, mifuko 150. Saruji iliyoongezeka basi ni mifuko 50 tu. Mzigo halisi uko kwenye nondo na moramu.

Hapo ndipo thamani ya kupima inapoonekana. Asiyepima ana njia mbili za kupoteza. Akijenga mkanda kwenye udongo huu, atalipa kwa nyufa. Akiogopa akajenga rafti kwenye kiwanja ambacho kumbe ni mchanga mtupu, amezika tani mbili za nondo bure. Na kipimo kilibadilisha jambo la tatu lisilokuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote: nyumba ilisogezwa mita 5 mbele, mbali na mfinyanzi mzito wa bondeni, na sehemu ya nyuma ikaachiwa karo na bustani. Kuhamisha nyumba kwenye karatasi hakugharimu mfuko hata mmoja. Ndiyo maana vipimo vifanyike kabla ya mchoro wa mwisho. Na kama kiwanja bado hakijanunuliwa, kumuomba muuzaji ruhusa ya kuchimba shimo moja ni ombi la kawaida. Anayekataa amekupa taarifa pia.

Yanayoharibika baada ya ripoti nzuri

Kujaza vibaya kunaongoza. Watu huchimba mfinyanzi kisha wakajaza mchanga safi au mawe kwa sababu "havivimbi". Ni kweli havivimbi, ila shimo la mfinyanzi lililojazwa mchanga ni beseni: maji ya mvua yanaingia, hayana pa kutokea, yanakaa yakilowesha mfinyanzi wa chini na pembeni mwaka mzima. Kijazio kiwe moramu yenye unyumbufu mdogo lakini yenye chembe laini za kutosha kushikana, imwagwe tabaka za sm 15, imwagiliwe kiasi, ishindiliwe kwa mashine kabla ya tabaka linalofuata. Tabaka la sm 40 linaloshindiliwa juu linabaki laini chini, na hakuna jicho litakaloona.

Mitaro isiachwe wazi. Mfinyanzi ulioachwa juani siku tatu unapasuka, mvua ikigusa unakuwa uji. Siku sehemu inapofika kina chake, imwagiwe zege jembamba la sm 5 siku hiyohiyo.

Kisha maji, ambayo kwa maoni yetu yana uzito sawa na nondo zote za rafti. Zege la pembeni lenye upana wa mita 1.5 kuzunguka nyumba yote, likishuka sm 5 kwa kila mita kuelekea nje. Mifereji ya paa inayomwaga mbali, si kwenye kona ya nyumba. Karo na shimo la maji machafu vikae upande wa bondeni, mita 10 au zaidi kutoka ukutani. Mabomba ya kutoka bafuni yawe na viungo vinavyoweza kucheza pale yanapotoka kwenye rafti. Bomba likikatika chini ya kona moja, kona hiyo inapata masika yake binafsi mwaka mzima. Miti kama mwarobaini na mjohoro ipandwe umbali usiopungua kimo kitakachofikia, kwani kiangazi mizizi inafyonza maji chini ya msingi na kuushusha upande mmoja.

Kwa upande wa kuta, nyumba iwe mstatili mnyoofu, lenta izunguke yote bila kukatika, na ukuta wa uzio usiungwe na nyumba.

Nyufa zikitokea pamoja na yote hayo, zisizibwe kwa saruji kiangazi. Masika udongo unavimba, ufa unataka kufunga, unakuta saruji ngumu imeukabili, na tofali la jirani linapasuka. Kwanza chora mstari wa penseli kukatisha ufa, andika tarehe na upana kila mwezi kwa mwaka mmoja. Ufa mpana juu kuliko chini unaonyesha kingo zimeshuka au katikati imepanda. Ulio mpana chini, kinyume chake. Mara nyingi uchunguzi huo huishia kwenye bomba linalovuja.

Kama mashimo yangetoa jambo jingine

Mchanga hadi mita 2 kwenye mashimo yote matatu, uvimbe wa mezani chini ya 30, kuta za uzio mtaani zimenyooka: mkanda wa fundi wa sm 90 ungetosha, na gharama yote ya uchunguzi ingekuwa vibarua wawili kwa siku moja. Hapo maabara haihitajiki.

Uvimbe wa mezani wa 40 hadi 60: agiza vikomo vya Atterberg na kusinyaa tu, bila odomita. PI ikija kati ya 15 na 25, mara nyingi mhandisi atashusha mkanda hadi mita 1.2, atatia nondo kwenye zege la chini na kwenye lenta, na kudai zege la pembeni kama masharti.

Mashimo yakitoa nailoni, mkaa, vipande vya tofali au matope yanayonuka, hicho ni kifusi juu ya bonde lililojazwa, na namba za maabara hazina kazi hadi ufike ardhi ya asili. Endelea kuchimba. Ikipita mita 3 bila kuifikia, mita zinazobaki ni za mashine ya kutoboa na nguzo ndefu, na kwa nyumba ya vyumba vitatu mara nyingi ni nafuu kuuza kiwanja hicho, ukimweleza mnunuzi kilichomo.